Ukuta wa Fundi Cherehani

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kitandani, na wewe Randa toka hapo mlangoni usisimame kama mdai, maana wewe ndiye kifungua mimba wangu na neno la leo linaanzia kwako. Kitanda nimewaambia mkiteremshe hapa karakanani kwa makusudi, nilale katikati ya mbao na harufu ya gundi, ubavu wangu ukiwa kwenye ukuta wa jirani. Kule juu chumbani ni pa kuugua. Hapa nimekuja kugawa.

Mnajua kwamba yule mfanyabiashara anakuja alasiri. Karatasi zake zipo chini ya mto huu, hazijatiwa sahihi. Analitaka jina letu, Kishindo, alibandike kwenye amplifaya za kuletwa kutoka kwingine, masanduku mepesi kama katoni za sabuni, na sisi tuliozoea kutikisa watu tufunge mlango tukalale. Kabla hajafika nitakuwa nimeamua kama namwuzia yeye au nawaachia nyinyi, na nitaamua kwa kusikia kwa masikio yangu, si kwa kuambiwa.

Kwanza mjue jina hilo limetoka wapi. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga gitaa la besi asiye na mpinzani, lakini siku ya kwanza nilipomwona jukwaani niliona vidole vinakimbia na sikusikia kitu. Tarumbeta zilisikika, ngoma zilisikika, yeye alikuwa kama mtu anayesema nyuma ya kioo. Watu wakamcheka, wakasema mwanamke yule kashikishwa gitaa la pambo. Mimi nilikuwa fundi redio wa uchochoroni, sina hata meza, nikamfuata nikamwambia, "Dada, nipe muda, nitakufanya usikike mpaka kwenye nyayo za watu." Akanitazama juu chini. "Debe tupu haliachi kuvuma, fundi. Leta nione." Basi, wanangu, uchumba wetu ulianza hivyo.

Nikatengeneza moja, ikaungua. Nikatengeneza ya pili, ikakoroma kama mlevi. Iliyofuata niliijengea sanduku la mbao nzito, transfoma nikaisuka kwa mkono wangu mwenyewe, na siku ya mashindano uwanjani, mitambo ya bendi kubwa ilipozimika kwa joto mmoja baada ya mwingine, ya mama yenu ikabaki inanguruma peke yake. Waliomcheka walikuwa wamejishika vifua, hawaelewi mbavu zao zinatetemeshwa na nini. Aa, siku ile! Hata sasa nikifumba macho nauona uwanja mzima unatikisa vichwa kwa mpigo mmoja, na mimi nyuma ya jukwaa nalia kwa furaha huku nimeshika koleo. Aliikubali posa yangu kabla hajateremka.

Ndipo tukahamia hapa, tukawa ukuta mmoja na fundi cherehani. Bwana huyo alituchukia kwa moyo wake wote. Kila tulipojaribu amplifaya, vifungo vilimchezea ndani ya kopo na sindano zikamkatikia, naye akaugonga ukuta kwa rula yake ya mbao, ko, ko, ko, akitutukana sisi na mababu zetu. Alipita nyumba kwa nyumba akitafuta watu wa kumsaidia tufukuzwe mtaani. Nikasema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, tena nikamfanya yeye ndiye kipimo: tunapiga waya wa chini kabisa wa gitaa la mama yenu mara moja, sauti ya wastani, na fundi cherehani asipogonga, amplifaya haitoki. Mashine za kupimia tunazo na nazipenda, lakini hakuna mashine inayokasirika kama binadamu.

Mnaikumbuka ile iliyogoma? Mlikuwa wadogo. Tukapiga waya wa chini, kimya. Tukafungua, tukasuka transfoma upya, tukalibandua sanduku na kuligundisha tena, tukapiga, kimya vilevile. Niliitukana ile amplifaya matusi ambayo sitayarudia mbele yenu hata mkiota mvi. Kesho yake mama yenu akaweka kikombe chini akasema, "Mume wangu, amplifaya umeikagua mpaka uchi. Jirani umemkagua?" Tukavunja mlango, tukamkuta sakafuni kati ya cherehani na meza, mguu umevunjika, sauti imemkauka. Tulimkimbiza hospitali kwa mkokoteni wetu wa mbao, na njia nzima akawa ananong'ona kwamba kila tulipopiga alisikia, alisikia kabisa, ila rula ilikuwa mezani na mkono haufiki. Aliporudi na magongo yake tukaipiga ileile. Akagonga. Mama yenu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ule ugomvi ukawa salamu. Anagonga kwa nguvu zilezile, ila matusi kayaacha, au tuseme kayapunguza.

Sasa nyinyi. Nyumba ni yenu wawili, sawa kwa sawa. Randa, mbao na vyombo vyote vya useremala ni vyako. Cheche, kitinda mimba wangu, meza ya kulehemu na waya wa shaba ni vyako, na gitaa la mama yako pia, maana vidole vyake unavyo, na ulimi wake unao. Lakini jina haligawanyiki. Tangu tumzike mama yenu mmechora mstari wa chaki katikati ya sakafu hii, eti Randa anataka masanduku yabebeke na Cheche anataka nguvu iongezwe, na mkiongea mnapitia kwangu, baba mwambie dada, baba mwambie kaka, mpaka nimegeuka simu ya mezani. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru mwenyewe anakuja alasiri na kalamu mfukoni. Ndiyo maana niliwaamuru mtengeneze ile iliyofunikwa shuka pale, sanduku la Randa, transfoma ya Cheche, nikawakataza kuijaribu. Jirani sijamwambia lolote. Akigonga, Kishindo ni chenu pamoja. Asipogonga, natia sahihi.

Ifunueni. Cheche, chukua gitaa. Randa, wewe ushike kitufe cha sauti. Vuka hiyo chaki, mwanangu, haiumi. Ya wastani. Nimesema ya wastani! Waya wa chini, mara moja, uache uishe wenyewe.

Aaa... Mmesikia kitanda kilivyoitika?

Tulieni. Msinitazame mimi, utazameni ukuta. Naye mzee kama mimi, rula imekuwa nzito. Subirini.

Subirini kidogo tena. Cheche, usilie, mama, bado.

Haya! Haya! Mmemsikia? Ko, ko, ko, na tusi juu yake! Kamtaja babu yangu! Tangu avunjike mguu hajamtaja babu yangu! Kumbatianeni basi, mnangoja nini?

Nipeni maji... hapana, kwanza karatasi hizi. Mpelekeeni fundi cherehani azikate ziwe vipimo vya kola, ni karatasi nzuri. Mfanyabiashara akija mpeni kiti, mpeni chai, mpigieni waya wa chini. Chaki futeni. Ndugu wakipatana chukua kapu ukavune, na mimi kapu langu limejaa, wanangu, limejaa mpaka linamwagika.

Sauti inaniishia. Mkinizika, rudini hapa siku hiyohiyo mpige, jirani ajue kazi ipo. Kila siku ya kazi mpigieni. Na siku asipogonga... msifungue amplifaya. Fungueni mlango wake.

Radhi zangu nimewapa zote, sikuweka akiba. Mkishika mchanga uwe dhahabu, mkishika mbao... ziseme. Sasa nisogezeni, mkono uguse ukuta. Hapo. Hapo hapo.

Piga tena, Cheche. Safari hii... nagonga mimi.