Ukuta Chini ya Goti la Injinia

Benchi letu liko nyuma ya soko la Machakos, kati ya birika la Ngina, muuza chai, na meza ya Rodgers, fundi viatu. Alhamisi asubuhi alifika Kisilu, tunayemwita Injinia kwa sababu amejenga mabwawa ya mchanga, kuta za kukinga maji mtoni, kule Mwala kwa miaka thelathini. Alikuwa amekunja suruali upande wa kushoto. Chini ya goti alikuwa amejifunga ukanda wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu. Miguu yake yote miwili ilikuwa imevimba tangu mwezi uliopita, na tiba alikuwa ameianza kwa wa kushoto. Sasa wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia, na vidole vilikuwa vimebadilika rangi.

Ngina alimwambia aende hospitali. Injinia akajibu kwamba hospitali watamlaza, na Jumamosi kikundi cha Mwala kinamngoja amalize ukuta kabla ya mvua.

Lawama ikamwendea Dokta. Dokta ni Onesmus, muuza dawa za mifugo, ambaye binti yake anasomea uuguzi na humsomea madaftari kwa sauti. Juzi alitueleza kwamba mishipa midogo kabisa, myembamba kuliko unywele, huvuja. Moyo unasukuma, maji ya damu yanapenya ukuta wa mshipa na kupeleka chakula kwenye nyama. Alipofika hapo aliitwa na mteja, akaondoka.

— Hiyo ilikuwa nusu, Dokta alisema sasa. — Kuna protini inabaki ndani ya damu, hiyo inavuta maji irudi. Ingine inarudi na mifereji yake. Inatoka, inarudi, siku yote.

— Mimi nilisikia ya kutoka, Injinia akasema. — Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikungoja ufa, nimejenga ukuta.

Rodgers, aliyemkatia ule ukanda, alikuwa na nadharia yake. Maji hayatoki kwenye damu hata kidogo, yanaingia kwa nyayo, maana Injinia hushinda mtoni akichanganya saruji. Macharia wa viazi alipinga. Alisema ni vumbi la saruji, limeingia kwenye mishipa, na kwa vile Injinia hunywa chai nyingi, limeshika. Ngina akauliza kama basi wampige plasta na rangi. Macharia akamwambia anayecheka atafura yeye.

Dokta aliinama, akabonyeza mguu wa kushoto kwa kidole gumba, akakitoa. Shimo lilibaki.

— Damu ya kushuka inapita ndani, hiyo mpira haiifikii vizuri. Ya kurudi iko juu juu, na ndiyo umekaba. Presha inapanda huko chini, inavuja zaidi. Fungua.

— Sifungui.

— Injinia.

— Nimejenga ukuta arubaini na moja. Maji ikipanda nyuma ya ukuta, hiyo ukuta inafanya kazi. Wewe umejenga ngapi?

Dokta hakuwa amejenga hata mmoja. Rodgers akasema akiba haiozi. Sote tukaviangalia vile vidole.

Kando ya meza ya Rodgers alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, mgeni kwetu, akingoja viatu vyake. Baadaye tulijua anaitwa Kasiva. Alikuwa amesikia yote.

— Mzee, hayo mabwawa mnajenga ndiyo maji ikae, si ndiyo?

— Ndiyo, mwaitu, Injinia akamjibu, yaani mama kwa Kikamba. — Ikae mpaka kiangazi.

— Na hii ya mguu, ulitaka ikae?

Rodgers alirudi kwenye kushona. Injinia akanyoosha mkono kwa Rodgers bila kugeuka, akapewa kisu. Dokta akataka kumsaidia.

— Usiniguse.

Alikata mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukanda uliacha mtaro kwenye nyama. Ilichukua muda kabla ya vidole kuanza kurudia rangi yake. Alijaribu kushusha suruali, ikakataa kupita, akaiacha hapo.

— Hospitali naenda, alisema. — Lakini hakuna mtu amenituma.

Alishika njia peke yake, akichechemea. Dokta aliweka kikombe chini, akamfuata hatua kumi nyuma, umbali ambao Injinia angeweza kusema hakumwona.