Dakika Kumi na Moja za Yotham Chidumizi

Mgeni rasmi, viongozi wa kata na tarafa, ndugu mwekezaji pamoja na wataalamu wako, wazee wetu, mama zetu, na nyinyi wanafunzi mliosimama juani tangu asubuhi: walio wakubwa shikamooni, wengine wote habari za toka jana.

MAKARIBISHO

Sisi wakazi wa kijiji cha Chilewa tunakushukuru kwa kufika. Tunaijua njia ya kutoka Mvumi ilivyo, na tumeona vumbi lililokuja na gari lako. Umekuja kuweka jiwe la msingi la kiwanda cha chumvi, cha kwanza katika eneo letu. Tumefurahi.

Anayesoma ni mimi, Evodia Mnyawami, mwalimu wa darasa la tano. Maneno si yangu peke yangu. Yalipitishwa katika mkutano mkuu wa kijiji, na kila mtu mzima aliyehudhuria aliweka sahihi au dole gumba. Mwenyekiti wetu, Mzee William, alituagiza tufupishe. Tumefupisha kila sehemu isipokuwa moja, na kwa hiyo tunaomba uvumilivu wako.

KIJIJI CHETU NA MAFANIKIO

Tunalima uwele, mtama na karanga, na tunafuga. Tangu biashara ilipofunguliwa tumepata duka la pembejeo, mashine ya kusaga ya mtu binafsi, na lori linalokwenda Dodoma mara mbili kwa wiki. Tumejenga madarasa mawili kwa nguvu zetu wenyewe. Josho linafanya kazi.

HISTORIA YA MELI

Mgeni rasmi, ukiwa njiani umeuona mlingoti katikati ya Mbuga Nyeupe, uwanda wetu wa chumvi, na bila shaka umejiuliza. Ni mlingoti wa meli. Tunaomba tueleze umefikaje mahali ambapo bahari iko mbali kiasi hiki.

Mwezi Februari mwaka 1991 walikuja watu wa filamu kutoka nje. Walikuwa wanatengeneza hadithi ya nahodha wa zamani za ukoloni aliyetumwa na mfalme wake kutafuta nchi mpya. Upepo ukakata, meli ikasimama baharini siku arobaini, mabaharia wakafa kwa kiu, na mwisho nahodha akashuka akatembea juu ya maji. Mwongozaji alitaka bahari isiyo na wimbi hata moja. Alisema ameizunguka dunia na ameipata hapa.

Hakukosea. Mbuga ile saa sita mchana hujaa mazigazi, yale maji ya uongo. Walijenga meli ya mbao na turubai, upande mmoja tu, ule unaotazama kamera. Tuliokuwa tukichunga upande wa pili tuliona nguzo na misumari. Lakini jua likifika utosini, hata sisi tuliiona inaelea. Ng'ombe waligoma kupita karibu nayo.

Kazi ilikuwa ya polepole mno. Siku nzima ilipita kwa kumpiga picha mtu anayetazama mbele. Thelathini na wawili kati yetu tuliandikwa kuwa mabaharia waliokufa. Tulivalishwa matambara, tukapakwa chokaa usoni, tukalazwa juu ya sitaha. Mkalimani wetu alikuwa kijana mtumishi wa ofisi kutoka Makole, anaitwa Octavian. Alitutafsiria amri moja kila siku: "Laleni. Fumbeni macho. Asiyekufa vizuri atarudia."

Mwezi Machi mwigizaji wa nahodha aliugua homa. Palikuwa pamebaki kipande kimoja tu, cha nahodha kuondoka, naye angeonekana mgongo tu. Walimchagua Yotham Chidumizi kwa sababu ya urefu wake na mwendo wake.

Yotham alikuwa mchimba visima wetu, mume wa Tereza, baba wa watoto wanne. Alikuwa mtu wa maneno machache. Visima vyote vya mtoni ulivyopita ni vya mkono wake. Walimvika koti la buluu lenye vifungo vya shaba na kofia ya nahodha.

Tulimwambia Octavian kwamba mbuga ile Machi haikanyagwi, kwa kuwa juu kuna gamba na chini kuna tope. Octavian akamfikishia mwongozaji. Alijibu kwamba wamepima kwa gari hadi kwenye kijiti chekundu, na kwamba Yotham akifika hapo atapigiwa filimbi arudi.

Yotham akatuambia, "Msihangaike. Nitasikiliza filimbi."

Tukalala, tukafumba macho. Tulisikia hatua zake kwenye gamba la chumvi, kisha hatukusikia kitu. Filimbi ilichelewa. Ilipolia tuliinuka, tukatazama, tukaona weupe tu, na maji yale ya uongo yakitetemeka.

Alasiri ile mvua ikanyesha, na mbuga ikafurika kwa wiki mbili. Watu wa filamu waliandika maelezo polisi kwamba Yotham hakugeuka hata mara moja, kwamba alivuka mbuga akafika nchi kavu, akaelekea upande wa reli. Octavian akatia sahihi kama shahidi. Faili likaandikwa: ameondoka kwa hiari yake. Siku ya tano watu wa filamu wakafunga mizigo, wakaiacha meli.

MATATIZO

Kwa miaka sita Tereza ameitwa mke aliyekimbiwa. Wapo waliosema wamemwona Yotham Nzuguni akiuza mitumba. Wapo waliosema amechukuliwa Ulaya. Shemeji zake waligawana ng'ombe. Kanisani alipoomba ibada ya marehemu aliambiwa hakuna marehemu, na ofisini alipoomba cheti aliambiwa vivyo hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo hatukuwahi kuliandika mahali popote. Wachungaji wetu wa mifugo, watu wazima wenye akili zao, kila mmoja kwa wakati wake, wamemwona saa sita mchana mtu amesimama katikati ya mbuga, ameishia kiunoni. Hasogei. Ukimwita, haitikii. Wingu likipita, hayupo. Hatukuambiana kwa muda mrefu, kila mtu akidhani ni macho yake. Mbao za meli tulizichukua, lakini hakuna aliyekubali kwenda kuuangusha mlingoti.

Mwezi wa saba mwaka huu Octavian alishuka kwenye lori akiwa amebeba begi. Amekonda na nywele zimeingia mvi. Ndani ya begi mlikuwa na kanda ya video ya ile filamu, aliyoikuta kwenye banda la video huko Makole. Tuliazima televisheni na jenereta, tukakaa darasani. Filamu ni ya saa tatu, na wengi walisinzia. Kisha akatokea Yotham, mgongo, katika koti la buluu. Kipande kile hawakukikata popote. Ni dakika kumi na moja.

Anatembea. Anakuwa mdogo. Anafika kwenye kijiti chekundu, na filimbi hailii. Anapita. Maji yale yanamfika miguuni, na hapo hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa ndivyo mazigazi yanavyofanya. Yanamfika magotini. Dakika ya nane anasimama, anageuka, anatutazama. Tunauona uso wake. Anainua mkono, anakunja ngumi, anaitikisa mara mbili, anaifungua. Anarudia. Yamemfika kifuani. Anarudia. Mwisho ni mkono peke yake juu ya weupe, kisha weupe. Ndipo filimbi inalia.

Mtu mmoja nyuma alisema, "Anatuaga."

Tereza akasimama, akaenda hadi kwenye kioo, akaweka kiganja juu yake. Akasema, "Haagi. Anaomba kamba."

Sisi tuliochimba naye visima tulikwisha kujua kabla hajasema. Hiyo ndiyo ishara yake ya kisimani, ya kutaka avutwe. Aliifanya mara tatu mbele ya watu thelathini na wawili wa kijiji chake, nasi tulikuwa tumefumba macho kama tulivyoagizwa.

Octavian alikuwa nyuma ya kamera. Alituambia pale pale, amepiga magoti: "Niliuona mkono. Nilimuuliza mwongozaji, huyu anaita? Akaweka kidole mdomoni. Nikanyamaza. Polisi nikatia sahihi kwa sababu niliogopa kupoteza kazi yangu."

Hakuna aliyemgusa. Tereza akamwambia, "Shemeji, kale chakula. Kesho utatuonyesha kamera ilisimama wapi."

Kesho yake tulikwenda. Katika kanda, mkono unaonekana katikati ya vilima viwili vya mashariki, chini ya mwanya. Octavian alisimama palipokuwa na kamera, akatuelekeza kwa kitambaa. Tulitembea juu ya mbao. Pale tulipofika tulitoboa gamba, tukashusha mti wa futi kumi na mbili wenye ndoana, nao ukashuka kama unaingia kwenye uji. Mara ya nne ulipanda na kipande cha kitambaa cha buluu chenye kifungo cha shaba. Tereza akakipokea kwa mikono miwili.

Mikono yetu haifiki huko chini. Tumejaribu wiki tatu, tope linarudi kila tunapochota.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi ya zahanati, ya barabara na ya mwalimu wa hisabati. Mkutano umeamua tuyaache kwa leo, ili lisiwepo la kuchanganya na hili.

Tunaomba faili la Yotham Chidumizi lifunguliwe upya. Octavian yupo hapa, amekaa mstari wa pili, tayari kuandika maelezo mapya.

Tunaomba askari na daktari wawepo siku ya kumtoa, ili Tereza apate cheti chake, na watoto wajulikane kuwa watoto wa marehemu na si wa mtoro.

La mwisho. Wapimaji wa kiwanda wamekwisha kupigilia vigingi. Bwawa la kwanza la chumvi linapita juu ya mahali pale. Katapila la mwekezaji limeegeshwa ukingoni mwa mbuga, limejaa mafuta, na tumeambiwa litaanza kazi Jumatatu. Hatupingi kiwanda. Tunaomba katapila hilo kwa siku moja tu, Jumamosi hii. Kabla halijachimba chumvi, litutolee mtu wetu.

Jibu tunaliomba leo, kabla hujalishika jiwe.

Mungu akulinde safarini, aipe nchi hii mvua na amani, na ampumzishe kila aliyelala pasipo kaburi.

Ni sisi,
Wakazi wa Kijiji cha Chilewa,
Novemba 1997