Mwalimu Ndalahwa Shigela na Vidomo vya Tarumbeta

Kabla sijaandika sifa za Mwalimu Ndalahwa Shigela kama nilivyoagizwa na jarida la kituo chetu, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Queen tunayekaa naye benchi moja. Mwezi Desemba, kituo kikiwa kimefungwa kwa sikukuu, nilirudi kuchukua sweta langu nikamsikia Mwalimu yuko stoo peke yake. Alikuwa anajaribu kupiga tarumbeta. Ilitoka hewa tupu. Akapumzika, akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Niliondoka nikinyata, na sweta nikaliacha hukohuko.

Sasa niseme niliyotumwa. Mwalimu Ndalahwa anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, baada ya kukitumikia Kituo cha Muziki cha Ziwani, hapa Kirumba, kwa miaka thelathini na miwili. Aliajiriwa mwaka 1994 kuwa mtunza stoo ya vyombo. Kufundisha hakukuwa kazi yake. Ila watoto walikuwa wakija stoo kurudisha vyombo, wanamkuta anapiga, na hawaondoki. Mwishowe uongozi ukaona yaishe, ukampa na ualimu. Chini yake bendi yetu imeshika nafasi ya kwanza mara mbili katika mashindano ya bendi za kanda, na ni yeye aliyeweka wasichana kwenye mstari wa mbele wakati wazazi wengi walisema tutavimba midomo. Hatukuvimba.

Ukimuuliza yeyote aliyepita mikononi mwake anakumbuka nini, atakujibu: ugali!

Kwa msiopuliza, kidomo ni kile kipande kidogo cha chuma kinachochomekwa kwenye tarumbeta na kuwekwa midomoni. Kwa nje vidomo vinafanana sana. Siku yako ya kwanza Mwalimu anakupangia vitano mezani na kukuambia, "Nje vyote ni ndugu. Ndani kila mmoja na mama yake." Kisha anachukua ugali wa mahindi uliosongwa ukakaza, maana wa muhogo unanata, anakandamiza tonge ndani ya kidomo, anageuza na kupuliza kwa nyuma. Pu! Tonge linaruka likiwa na umbo la ndani. Ndipo unapoona kwa macho yako. Kimoja ni kifupi ndani kama kisosi, na sauti yake ni kali, inapanda juu upesi. Kingine kimejaa kama bakuli la supu. Kingine kimeshuka moja kwa moja kama faneli ya mafuta ya taa, na hicho sauti yake ni nene na laini, inafaa msibani. Nilipoona mara ya kwanza nilisahau kabisa aibu yangu nikapiga makofi.

Mwaka fulani tonge moja lilivuka dirisha la ofisi likatua kwenye chai ya katibu wetu, Bi Riddhi. "Mwalimu!" akaita. "Mimi chakula changu nimekuja nacho!" Mwalimu akamjibu kwamba hilo lilikuwa la kidomo kikubwa cha tromboni, asingelimaliza peke yake.

Amri yake kubwa tunaijua wote: gari likitembea, midomo ipumzike. Bendi ya harusi hupanda nyuma ya pikapu, na barabara zetu zina matuta. Amri hiyo aliivunja mwenyewe mara moja tu. Ilikuwa mwaka jana, harusini Magu. Bibi wa bi harusi alikuwa anacheza mbele ya gari, kanga imefungwa kiunoni, na bendi ilipokaa kimya gari lilipoanza kuondoka, akageuka na kupaza sauti, "Baba, ndiyo unaninyamazia sasa hivi nilivyopata moto?" Mwalimu akapuliza. Tuta likafika. Meno mawili ya mbele yakaenda.

Jumatatu alikuja kazini mdomo umevimba akasema, "Meno yamestaafu kabla yangu." Tukacheka naye. Akawekewa ya bandia, na tangu hapo akawa anafundisha kwa kuimba. Akiulizwa, husema, "Nimepuliza, inatosha." Nilimwamini mpaka ile Desemba.

Na hapa kituoni, kama mnavyojua, mstaafu hupigiwa wimbo wa kuagwa. Miaka yote anayeuanzisha peke yake kwa tarumbeta, kabla bendi haijaingia, ni Mwalimu Ndalahwa. Amewaanzishia wapishi, walinzi na wakurugenzi. Kwenye ratiba ya Ijumaa jina lililoandikwa hapo ni la Queen. Niliyemsikia stoo alikuwa mtu anayetaka kujianzishia wimbo wake mwenyewe.

Nilimwambia Queen tuandae maonyesho ya vidomo kwa ajili ya sherehe, sababu yenyewe sikumtajia. Tukasonga ugali, tukachukua boksi la vidomo yatima, vile ambavyo vyombo vyake vilishakufa, tukaanza kutoa umbo la kimoja kimoja na kulilinganisha na umbo la kidomo cha zamani cha Mwalimu. Nilichokuwa natafuta ni ukingo mpana, ili uzito usikalie meno ya bandia peke yake. Lakini ndani kilitakiwa kiwe kama chake hasa, la sivyo sauti ingekuwa ya mtu mwingine. Vyenye ukingo mpana vilikuwa visosi vitupu. Vyenye tumbo zuri, ukingo wake ulikuwa mwembamba kama wembe.

"Justa," Queen akasema, "huu ugali tunaula au tunauzika?"

Nilichokitafuta kilikuwa karibu na chini kabisa ya boksi, cheusi, kibaya, hakina hata nembo. Ukingo mpana kama pete ya mzee. Tonge likatoka tukaliweka kando ya lile la Mwalimu: tumbo lilelile la kina, bega lilelile, koo lilelile.

"Mapacha!" Queen akapiga kelele.

Wiki iliyopita nikakipeleka stoo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umeleta ugali tena?"

Nikamwambia kuna mtoto ameng'oka meno ya mbele, je, hiki kitamfaa? Akaingiza kidole cha mwisho, akakizungusha ndani polepole.

"Huyo mtoto anabana mdomo au anaulegeza?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hujui, na unamchagulia kidomo!"

Akakichomeka kwenye tarumbeta ili anionyeshe kosa langu. Ikatoka hewa. Akakishusha kidogo kwenye mdomo wa chini. Halafu ikatoka sauti! Nzima, nene, yake! Bi Riddhi akaacha kuchapa kule ofisini. Mwalimu hakuikata mpaka pumzi ilipoisha.

Akaishusha tarumbeta. "Huyo mtoto ana miaka mingapi?"

Nikatazama sakafu.

"Basi mwambie asihangaike kuja," akasema. "Ijumaa tutaonana naye hukohuko." Akakichomoa kidomo, akakitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Mwalimu, utakapoyasoma haya, kituo kizima kinakushukuru, nami nashukuru kwa sababu mtu asiyeweza kuongea mbele za watu ulimpa kitu cha kupuliza. Mungu akupe pumzi ndefu, ugali usiokosa mboga, na wajukuu wa kuwavunjia amri.

Ninyi wengine nawaomba sana. Nakala yake ya jarida hili iko kwenye droo ya Bi Riddhi hadi Jumamosi. Ratiba tumeiacha vilevile, na Queen amekubali kuchelewa kuinua tarumbeta yake. Mwalimu anaamini kwamba zaidi yangu hakuna ajuaye kuwa atapiga. Kwa hiyo Ijumaa mshtuke kweli, na mkikutana naye kabla ya hapo msiseme neno, wala msimtazame mfuko wa shati.

Justa Masele, msaidizi wa stoo