Shangazi wa Namba Kumi na Saba

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika idara yetu ya maji, Shangazi, kama tunavyomwita sote hapa kazini, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ila siwadanganyi: kiti changu na chake vimetazamana miaka mingi ndani ya chumba cha seva, na Jumatatu kimoja kitakuwa kitupu.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, akiwa msichana mwembamba, kwa ushahidi wa picha ambayo amekataza isibandikwe popote. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walizipisha njia. Yeye alikaa nazo mpaka zikamzoea, akasomea kazi hiyo jioni, huku mumewe, fundi saa, akibaki nyumbani na binti yao. Ndiye aliyeiwasha seva yetu ya kwanza, kompyuta inayoendesha tovuti ya idara. Hadi leo huingia na sweta, hata jua liwe la kuchoma, anaisabahi seva, ndipo anatuuliza sisi tumeamkaje. Kwa mpangilio huo huo.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Seva ina programu kadhaa, kila moja na anwani yake: ya ankara, ya maombi, ya malalamiko. Mteja akiandika anwani ya idara peke yake, bila kusema anakwenda wapi, seva humpeleka kwenye programu ya mwanzo. Miaka ile hakuna aliyekuwa ameipanga, kwa hiyo mteja alikutana na ukurasa wa watengenezaji wa seva, ukimpongeza kwa kuisimika vizuri. Mama mmoja ambaye bomba lake lilikuwa limekauka wiki nzima alipiga simu kuuliza anapongezwa kwa lipi.

Shangazi aliona aibu kwa niaba yetu sote. Akaiondoa folda ya watengenezaji, akaweka kiprogramu chake pale pale, mahali seva inapoanzia kutazama. Hakikuwa na picha wala mapambo. Kilisema: Karibu. Kama hujui pa kuanzia, piga namba ya ndani 17. Nipo.

Alikiweka mwezi ule ule aliomzika mumewe. Binti alikuwa ameshaolewa mbali, na nyumba ilibaki na saa za ukutani tu. Siku moja, akimenya chungwa, aliniambia kuwa pale nyumbani hakuna anayemuuliza kitu, na kwamba anachokiogopa katika kustaafu si uzee, ni kukaa na simu isiyolia. Nilimtania ili tucheke. Hakucheka.

Mwezi uliopita, akiwa likizoni, meneja aliniagiza niifanye tovuti mpya kuwa ya mwanzo. Kazi ya dakika kumi. Nikaizima seva, nikaweka faili jipya, nikaiwasha, nikaenda zangu kunywa chai kifua mbele. Kumbe folda ya zamani, ile ya Shangazi, nimeiacha! Seva yetu kongwe ikiikuta folda ipo, haina habari na faili jipya. Inaendelea na ile ile iliyoizoea. Simu ya mezani kwa Shangazi ikalia, nikachungulia, nikauona ukurasa wake umetulia mahali pake. Kwa kuwa kosa lilikuwa langu, ikabidi nipokee.

Nilipokea simu tisa kabla ya chakula cha mchana. Wawili tu ndio walikuwa wamepotea. Wale saba walijua vizuri pa kwenda. Walitaka kujua Shangazi yuko wapi, anaumwa, au kahamishwa? Mwalimu mmoja mstaafu, anayeishi peke yake, alinieleza kuwa hupiga kila Jumanne tangu mkewe afariki, na kwamba Shangazi hajawahi kumkatia simu. Jamani, folda ile sikuigusa tena; niliiacha mpaka mwenyewe arudi.

Jumatatu alirudi kwa wiki yake ya mwisho. Alinisema sawasawa: folda ifutwe kwanza, ndipo faili liwekwe, na kwamba amenifundisha hivyo mara mia. Kisha akaifuta folda yake kwa mkono wake mwenyewe, maana hakutaka aifute mtu mwingine. Seva ilipowaka, tovuti mpya ikajitokeza na picha zake za mito. Akasema inapendeza. Akalivuta sweta, akasema chumba kina baridi, ilhali kiyoyozi ni kibovu tangu wiki iliyopita. Alikuwa na huzuni, nami vilevile, na hakuna aliyedanganyika.

Shangazi, idara nzima inakushukuru, pamoja na wateja wote uliowapokea bila kuwauliza wamefikaje. Meneja amekubali mstari mmoja ubaki chini kabisa ya tovuti mpya: namba 17. Nitaipokea mimi. Wakikuulizia, nitawapa namba ya nyumbani kwako, kama ulivyoniruhusu. Mwalimu wa Jumanne ameshaiandika. Nami nitakupigia kila siku saa nne asubuhi, utake usitake. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na miaka mingi ya utulivu. Na siku yoyote ukiamka hujui pa kuanzia, piga 17. Nipo.