Cheti Kilichobaki Ukutani

Ndugu waombolezaji, mliosimama na mliopata pa kukaa, familia imempa mdogo wake marehemu kazi ya kusoma historia hii, naye anaomba mumvumilie, kwa kuwa kuna mahali atakwama, na wanaopajua wanapajua.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Miwani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa mama mfua nguo na baba mlinzi. Alianza shule mwaka 1968, akawa mwepesi wa kujifunza na mwepesi zaidi wa kujibu, na ndiye aliyegundua kwamba mdogo wake, aliyekuwa akichapwa kila siku kwa uvivu, hakuwa mvivu bali hakuona ubao, akamshika mkono hadi hospitali bila kumwambia mtu. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Alisomea tiba ya macho miaka mitatu, akasajiliwa tarehe 9 Februari 1984, akapewa cheti, akakitia kwenye fremu kabla hajanunua hata kitanda.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa mabinti wawili.

Alitumikia hospitali ya serikali hadi mwaka 1998, kisha akaajiriwa na kampuni iliyopewa na serikali mkataba wa kuendesha kliniki za macho katika vituo vya afya, na masharti ya mkataba ule hayakuwa na kona: kila siku ya kliniki awepo mtaalamu aliyesajiliwa, na cheti chake halisi kiwe ukutani, mgonjwa akione.

Sasa tumefika pale. Binti yake mkubwa aliomba parukwe, tukabishana siku mbili, lakini marehemu ameandika kwa mkono wake pembeni mwa karatasi hii, tuliyoanza kuiandaa naye akiwa wodini, kwamba msiniruke hapa, nasi hatuna ubavu wa kumpinga.

Tarehe 2 Juni 2003 mumewe alipooza upande mmoja, marehemu akaomba likizo ya wiki tatu, mwenye kampuni akamwambia nenda, mama, ila cheti kibaki, maana chenyewe hakina mume wa kuuguza, wakacheka wote wawili, naye akakubali. Wiki tatu zikawa miezi mitano. Kiti chake alikikalia mwuza fremu za miwani, mtu mpole mwenye shati safi, asiyejua ndani ya jicho kuna nini. Fundi cherehani mmoja alikuja mara tatu akilalamika kwamba anajigonga kwenye miimo ya milango, mara tatu akaongezewa nguvu ya miwani, na kila kadi ikagongwa muhuri ambao marehemu aliuacha mezani. Aliporudi tarehe 7 Novemba alimpima mwenyewe, akakuta presha ya macho imekwisha kulimaliza jicho la kushoto, na la kulia limebaki kidogo.

Siku kumi jambo hilo alilisema nyumbani tu. Sisi nyumbani, aibu yetu, tulimwambia funika kombe mwanaharamu apite. Tarehe 17 alikwenda kwa miguu yake katika ofisi ya mikataba, akasema yote. Alisimamishwa kazi miaka miwili, kampuni ikanyang'anywa mkataba, wenzake wakakosa kazi, na wamo humu leo ambao hawakumsalimia tena hadi alipolazwa katika sanduku hili.

Kisha alikwenda kwa fundi kuomba radhi, na fundi hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, mimi niliona cheti chako. Nilikisoma kwa macho yangu, nikakaa."

Maneno hayo hayakumtoka. Kila Alhamisi, mvua au jua, alimpelekea dawa ya matone na kumdondoshea jichoni, mwaka wa kwanza fundi akiinua uso tu, wa pili akampa kiti, wa tatu akaanza kumtania kwamba mkono wake unatetemeka kama wa mwizi. Jicho la kulia lilizimika mwaka 2011, na Alhamisi hazikukoma. Usajili alirudishiwa mwishoni mwa 2005, akafanya kazi hadi kustaafu mwaka 2021, na kila jioni alikishusha cheti ukutani, akakitia mkobani, akaenda nacho nyumbani, wenzake wakimcheka.

Aliugua figo kuanzia mwaka 2022, akafariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, akimfuata mumewe aliyetangulia mwaka 2009. Ameacha mabinti wawili, wajukuu watano, mdogo mmoja, na fundi cherehani mmoja, aliyekaa safu ya mbele pamoja nasi, maana orodha ya wafiwa aliiandika mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliopika na kuchota maji, na wafanyakazi wenzake, hata mliokasirika, kwa kuwa mmekuja. Yupo pia bwana mmoja aliyepiga simu juzi, mwili haujatoka hospitali, akatupa pole, halafu akauliza cheti cha marehemu kiko wapi, kwani anafungua kliniki na wakaguzi wanakuja Jumatatu. Siku ile hatukumjibu. Tunamjibu leo mbele yenu, kwamba kimo humu sandukuni, kifuani pake, bila fremu, na aliyekiweka ni fundi, kwa kupapasa.

Pumzika, dada, kwa amani. Likizo hii hukuacha kitu ukutani.