Dada Yetu na Kanda ya Mama

Ndugu, majirani na wenzake wa kazini, tulieni tuwasomee maisha ya dada yetu kama yalivyokuwa, na aliyefuata sifa za kupaka mafuta amekosea mlango.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi viatu, akaanza shule mwaka 1959, akaachishwa darasa la sita ili sisi wadogo zake tusome. Tarehe 12 Juni 1971 aliolewa na dereva wa lori, huyu shemeji yetu aliyekaa mstari wa mbele, mwaka 1974 wakahamia nchi hii, akaajiriwa kufua mashuka ya hospitali, chumba cha chini kisicho na dirisha, miaka thelathini na mmoja.

Walijaliwa mabinti wawili, waliojifunza lugha yetu kwa nyimbo za yule mwimbaji wa kwetu, kipenzi cha shemeji, na tuseme kweli, bila mwimbaji yule watoto hawa wangetusalimia kwa ishara.

Mama yetu hakujua kuandika, alikuwa akituma maneno yake kwenye kanda, na ya mwisho ilifika tarehe 9 Septemba 1983, siku sita baada ya kuzikwa kwake, dada akiwa zamu. Shemeji alimsikia mwimbaji wake redioni, hakuwa na kanda tupu, akarekodi juu ya ile, pande zote mbili. Dada aliporudi na kuiulizia, alijibiwa mbele ya wageni kwamba mama mkwe angesema nini kipya, na kwanza huyu ana sauti nzuri zaidi, wageni wakacheka, naye akawatengea chai.

Tangu siku ile kanda ikipigwa alikaa karibu kabisa na spika, watu wakasema jamani anavyompenda mwimbaji, kumbe alikuwa akitafuta kati ya wimbo na wimbo kama kimebaki hata kikohozi cha mama. Alitafuta miaka ishirini na sita, hakupata.

Aliugua figo Januari 2009, akafariki tarehe 17 Novemba.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na akina mama wa chumba cha kufulia waliomwogesha kitandani. Shemeji ameomba wimbo wakati wa kumshusha kaburini, tumemkatalia.

Pumzika, dada, na ukimkuta mama, mwache aongee mpaka achoke.