Mdundo wa Namba Nne

Benchi lililo nje ya duka la mashine za kufulia, pale Sheffield, Uingereza, lina wenyewe: Wilf, anayeitwa Nyundo kwa miaka yake thelathini katika kiwanda cha chuma, na Cyril, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Alasiri hiyo ya mwaka 1981 Noreen alikuwa amebanwa katikati yao, akingoja shuka zake zikauke. Mwezi wa tatu sasa alikuwa akishuka kilima na furushi la nguo za watu watano, maana mashine yake ya nyumbani ilikuwa imeharibika, inagonga kama ina mtu ndani. Mwanawe Martyn aliurekodi mlio ule, akautia kwenye wimbo wa bendi yake, na wimbo ukapanda hadi namba nne nchini. Asubuhi alikuwa amembembeleza: mama, fundi asiiguse, Jumamosi tunaanza ziara na mashine inapanda jukwaani. Fundi alikuwa anakuja saa kumi.

Redio alimimina chai kutoka kwenye chupa, huku wimbo ule ukisikika kutoka ndani ya duka.

— Ule mdundo wa mwanzo ni nyundo ya mvuke, alisema Nyundo. Hawanidanganyi vijana waliojipaka wanja.

— Nyundo gani, mzee? alidakia Redio. Kile ni kinanda cha Kijapani. Kina akili kuliko wewe.

— Hata kijiko kina akili kuliko mimi, lakini chuma nakijua.

— Haya, nikupe siri. Binamu yangu alikuwa katika jeshi la majini. Anasema ndivyo nyambizi za Warusi zinavyoitana.

— Zinaitana zikacheze dansi?

— Ndiyo ujanja wenyewe! Watoto wetu wanaruka, kumbe Moscow wanaandika!

— Noreen, si mwanao yumo? Mwambie huyu anyamaze.

Noreen alipuliza chai yake.

— Ni mashine yangu ya kufulia. Beringi ya pipa lake imekufa.

Redio alimshika Noreen mkono.

— Usiiguse, mama! Hiyo itajengewa makumbusho!

— Na wewe ndiye utakayekata utepe, alisema Nyundo.

Mtu mwenye sanduku la vifaa akasimama mbele yao.

— Mama Noreen? Nimebisha kwako, kimya; jirani kanielekeza huku. Nikaitengeneze?

— Thubutu! walifoka wazee wote wawili. Hiyo si mashine, ni ala ya muziki!

Fundi alijikuna shavu.

— Sawa. Na nguo atafua nani?

Redio alichungulia ndani ya kikombe chake. Nyundo aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Noreen alipousikia wimbo ule redioni mara ya kwanza, alisimama na mwiko mkononi hadi viazi vikaungua. Alifungua pochi, akatoa ufunguo wa nyumba, akampa fundi.

— Itengeneze. Martyn akitaka kitu cha kugonga, ana kichwa.